Wewe Si Katniss, Wewe ni D-503

Wasee, tuanze na ukweli mchungu. Ukitazama hadithi yoyote ya distopia, zile za dunia ya kesho ambapo serikali imeshika kila kitu hadi pumzi yako, lazima ujione wewe ndiye muasi. The Hunger Games ikiisha kila mtu ni Katniss. Hakuna mtu hutoka pale akisema, "Eh, mimi ni yule jamaa wa Capitol aliyekuwa anapiga makofi." Mimi mwenyewe nikiwa Form Two nilichora ile alama ya vidole vitatu kwa dawati, nikaona nimeangusha dola. Na si sisi peke yetu. Mwaka 2014, baada ya jeshi kupindua serikali kule Thailand, waandamanaji walinyanyua vidole hivyo hivyo vitatu barabarani, na wengine wakakamatwa kwa sababu hiyo tu. Kwa hivyo sisemi hadithi hizi ni mchezo.

Ninachosema ni kwamba babu wa hizi hadithi zote hakuandika juu ya shujaa. Aliandika juu ya msee mwoga. Na nikimsoma huyo mwoga najiona mimi, jambo ambalo Katniss hajawahi kunifanyia.

Kitabu kinaitwa Sisi. Kwa Kirusi ni My, neno moja fupi tu. Kiliandikwa mwaka 1920 na 1921 na Yevgeny Zamyatin, injinia wa meli, katika jiji la Petrograd ambalo leo linaitwa St Petersburg. Anayesimulia ni D-503. Hana jina kwa sababu hakuna mtu ana jina, wote ni namba na wote wanavaa sare. Dola yao inaitwa Dola Moja, na imezungukwa na Ukuta wa Kijani unaozuia msitu, wanyama na kila kitu kisicho na mpango. Nyumba ni za kioo kitupu, jirani anakuona ukipiga mswaki. Pazia unaruhusiwa kushusha tu ukiwa na kuponi ya waridi, na sitawaeleza kuponi ni ya nini, nyinyi ni watu wazima. Kuna Ratiba moja kwa wote: saa ile ile mamilioni wanaamka, dakika ile ile wanainua kijiko, na kila tonge lazima litafunwe mara 50. Kwa siku una saa mbili tu za kwako binafsi.

Sasa skia sehemu inayouma. Jamaa anaipenda. D-503 ni mwanahisabati anayejenga chombo cha kwenda angani kupelekea sayari nyingine furaha hii, watake wasitake, na anatamani siku moja hata zile saa mbili za binafsi ziingizwe kwenye Ratiba. Kwake yeye, maandishi matamu kuliko yote yaliyoachwa na watu wa kale ni ratiba ya treni. Unacheka, lakini anamaanisha.

Halafu anatokea manzi, I-330. Anavuta sigara, anakunywa pombe, vitu vilivyokatazwa. Sheria inasema D-503 amripoti kwa Walinzi. Anapanga kuripoti. Anachelewa. Anapanga tena. Muda unapita, na sasa yeye pia ni mhalifu, si kwa sababu ameamua kuasi bali kwa sababu ameshindwa kuamua. Anaanza kukosa usingizi, anaota ndoto (kwao ndoto ni ugonjwa), anakimbia kwa daktari. Daktari anampima na kumpa habari mbaya: umeota roho. Jamaa anauliza kama ni hatari.

Kuna kitu kingine siwezi kuacha kukitaja. Akiwa mtoto, D-503 alifundishwa darasani kuhusu kipeuo cha pili cha hasi moja, ile namba isiyokaa popote kwenye mstari wa namba za kawaida. Alilia. Alipiga dawati kwa ngumi akiomba hiyo kitu itolewe ndani yake, hataki kuishi nayo. Mimi nilisoma uhandisi kampasi kabla ya kudropu mwaka wa pili, na ninaapa hakuna mahali nimeona hisabati ikitumiwa vizuri hivyo. Hiyo namba isiyokaa popote ni yeye mwenyewe. Na anachotaka ni itoke.

Kwa nini injinia aandike kitu kama hiki? Watu wengi hujibu haraka: alikuwa anapinga ukomunisti. Hapana. Au tuseme, si hivyo rahisi.

Zamyatin alizaliwa mwaka 1884 katika mji mdogo wa Lebedyan. Alipokuwa mwanafunzi wa uhandisi wa meli aliingia upande wa Wabolsheviki, na mapinduzi ya 1905 yalipochacha, polisi wa mfalme walimkamata, akawekwa kwa seli ya peke yake kwa miezi kadhaa, kisha akafukuzwa jijini. Kwa hivyo huyu si mtu aliyekaa pembeni akilaumu. Alikuwa ndani wakati kuwa ndani kulikuwa na bei.

Mwaka 1916, katikati ya vita, alitumwa Uingereza, Newcastle, kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu za Urusi. Akakaa huko hadi Septemba 1917. Na pale Newcastle, si Moscow, ndipo Ratiba ilipozaliwa. Alichokiona ni watu wa tabaka la kati wanaovaa sawa, wanaokwenda kanisani sawa, wanaonyoa majani mbele ya nyumba sawa, na wanaomtazama vibaya yeyote anayetofautiana nao. Akaandika hadithi ya kuwacheka, Wakaazi wa Kisiwa, ambamo kuna kasisi aliyepanga kila kitu kwa ratiba: kula, kutubu, kutoa sadaka, hadi siku za kuwa na mke wake. Waingereza hawakuwa na dikteta. Walikuwa na majirani tu.

Aliporudi, Wabolsheviki walichukua nchi baada ya wiki chache. Petrograd ya miaka iliyofuata ilikuwa jiji la njaa na baridi, watu wakichoma samani na vitabu kupata moto. Lakini pia lilikuwa jiji la ndoto kubwa, na hii watu husahau. Washairi wa wafanyakazi walikuwa wakiandika mashairi ambamo "mimi" imekufa na "sisi" imetawala. Mmoja wao, Aleksei Gastev, alikuwa na mapenzi makubwa kwa mbinu za Frederick Taylor, yule Mmarekani aliyepima kila mwendo wa mfanyakazi kwa saa ya mkononi. Mwaka 1919 Gastev aliandika kwamba kadiri kazi inavyofanana na mashine, mfanyakazi anaweza kutambuliwa kwa herufi au kwa namba. Hakuwa anaonya. Alikuwa anafurahi. Mwaka uliofuata akafungua taasisi Moscow ya kufundisha watu namna sahihi ya kupiga nyundo. Kwa hivyo Zamyatin alipoandika D-503 hakubuni sana. Alichukua posti ya mtu mwingine, akaiacha iendelee miaka elfu moja. (Gastev mwenyewe aliuawa na serikali ile ile aliyoisifu, enzi za Stalin.)

Lakini kilichokuwa kinamkera Zamyatin si namba. Ilikuwa ile hali ya watu waliokuwa waasi jana kusema leo kwamba uasi umeisha. Mapinduzi tumefanya, tumeshinda, sasa anayeuliza swali ni adui. Kwenye kitabu, I-330 anambana D-503 kwa lugha ya hesabu: kama hakuna namba ya mwisho, mapinduzi ya mwisho yatatoka wapi? Mwaka 1921 Zamyatin alichapisha pia insha yenye kichwa "Naogopa". Hoja yake ilikuwa kwamba fasihi ya kweli haitengenezwi na maafisa watiifu, inatengenezwa na wendawazimu, wakaidi na wazushi, na nchi ikiwaogopa hao itabaki kutazama nyuma tu.

Unaweza kubashiri kilichofuata. Sisi kilikataliwa kuchapishwa. Mwaka 1922 akakamatwa tena, na anasimulia mwenyewe kwamba Wabolsheviki walimfunga kwenye jela ile ile, ukumbi ule ule, ambapo mfalme alikuwa amemfunga akiwa Mbolsheviki. Maze. Hiyo ukiiandika kwa filamu watasema umezidisha.

Kitabu kilitoka kwa Kiingereza kwanza, New York, mwaka 1924. Mwandishi anaandika kwa lugha ya mama yake na watu wake ndio hawaruhusiwi kusoma. Mwaka 1927 vipande vikatoka kwa Kirusi katika jarida la Warusi waliokimbilia Prague, bila yeye kuomba. Na mwaka 1929 hivyo vipande vikatumiwa kummaliza.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo historia inapokuwa kali kuliko riwaya. Huwa tunafikiria msanii anaangushwa na rais. Aliyemwangusha Zamyatin hakuwa Stalin akiwa peke yake ofisini. Walikuwa waandishi wenzake. Magazeti ya fasihi yalianza kumshambulia, yeye na Boris Pilnyak, ambaye naye kitabu chake kilikuwa kimetoka Berlin. Vikao vikaitwa, mikono ikainuliwa, watu ambao walikuwa wamekunywa chai kwake wakatia sahihi. Chama cha waandishi kule Moscow kilimlaani kwanza, kisha ndipo tawi la Leningrad likamwomba ajieleze. Hukumu kabla ya kesi. Zamyatin akajitoa kwenye chama, akasema hawezi kubaki mahali panapofanya kazi hivyo. Vitabu vyake vikaondolewa kwenye maktaba, tamthilia zake zikasimamishwa, na wachapishaji wakafunga milango.

Pilnyak alichagua njia nyingine. Aliomba msamaha, akakiandika upya kile kitabu chake kiwe kitamu kwa wakubwa. Alipigwa risasi mwaka 1938.

Juni 1931 Zamyatin alimwandikia Stalin barua. Ni barua ya ajabu, haina magoti. Alisema kwamba mwandishi kunyimwa nafasi ya kuandika ni adhabu ya kifo, na akaomba hiyo adhabu ibadilishwe kuwa ya kufukuzwa nchini. Alikiri wazi kwamba ana tabia mbaya ya kusema anachoona ni kweli hata kama hakina faida kwake wakati huo. Maxim Gorky alimwombea, na Stalin, sijui siku hiyo aliamka vipi, akakubali. Novemba akaondoka. Aliishi Paris maskini, akiandika sinema kidogo, na akafa Machi 1937. Pale Paris pia hakujiunga na Warusi waliokuwa wakiitukana Urusi kila Jumapili. Alibaki na pasipoti yake ya Sovieti, na mwaka 1934 hata akaomba, na akakubaliwa, kuwa mwanachama wa chama kipya cha waandishi wa Sovieti. Kuna watu humwona msaliti kwa hilo. Mimi naona ni mtu ambaye hata uasi wenyewe hakukubali uwe sare.

Sasa utaniuliza, Warusi wa 1920 wanatuhusu nini sisi wa Nairobi?

Kwanza, George Orwell alisoma Sisi kwa Kifaransa, akakifanyia uhakiki gazetini Januari 1946, na miaka mitatu baadaye akatoa 1984. Huyo Orwell ndiye yule wa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa hapa hapa Nairobi mwaka 1967. Ukoo ni mmoja.

Pili, tulikuwa na 1984 yetu, na simaanishi kitabu. Septemba mwaka huo huo, Rais Moi alisema hadharani kwamba anataka mawaziri na kila mtu aimbe kama kasuku nyuma yake, kama yeye alivyomwimbia Kenyatta. Uliza wazazi wako. Watakuambia kuhusu kufuata nyayo, na kuhusu kushusha sauti ndani ya matatu. Mwaka huo huo msee mmoja wa Pwani, Katama Mkangi, mhadhiri wa sosholojia, alitoa riwaya ya Kiswahili inayoitwa Mafuta. Miaka miwili baadaye alikuwa kizuizini bila kesi. Wakati ule ule Ngũgĩ alitoa Matigari kwa Kikuyu, na anasimulia kwamba polisi walitumwa kumtafuta Matigari wakamate, hadi wakagundua ni mtu wa kitabuni. Wakakamata kitabu.

Mkangi alipotoka hakunyamaza. Mwaka 1995 akachapisha riwaya nyingine, na humo kuna Dzombo, mtu aliyehukumiwa kifo, anarushwa ndani ya chombo cha angani ili afie huko, lakini anakimudu kile chombo na kufika nchi ambayo watu wanaishi kwa usawa. Nchi inaitwa Walenisi. Isome polepole. Wale ni sisi. Sijui kama Mkangi aliwahi kumshika Zamyatin mkononi, na si lazima. Mrusi aliliogopa neno "sisi" kwa sababu lilikuwa limemeza watu. Mpwani alilitafuta neno hilo hilo, kwa sababu serikali yetu ilikuwa na "mimi" moja kubwa na makasuku nyuma yake. Nikiviweka hivi vitabu viwili kando kando huwa sijui nani ana haki. Nadhani wote wawili walikuwa wakiuliza kitu kimoja: je, ndani ya "sisi" yenu mtu anaweza kusema hapana na bado akabaki?

Hapo ndipo nakuja kwangu, na hii sijawahi kuiandika.

Juni 2024 nilikuwa barabarani kama wengi wenu. Hatukuwa na kiongozi, hatukuwa na kabila, na tarehe 26 mswada wa fedha ukakataliwa na yule yule aliyeutaka. Sitajuta kamwe. Lakini wiki zilizofuata nilikuwa kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp, watu mia kadhaa, na usiku mmoja mtu akatuma picha ya kutisha akisema imetokea Nairobi jana. Nikaangalia. Namba za gari kwenye picha hazikuwa za Kenya. Nikaandika, kwa adabu kabisa, "Wasee, hii tuko sure ni ya hapa?"

Ndani ya dakika mbili: "Umelipwa ngapi?" "Huyu ni wa serikali." "Admin, toa huyu." Watu tuliokimbia pamoja gesi ya machozi, mmoja tuligawana naye chupa moja ya maji.

Unataka niseme nilisimama imara. Sikusimama. Nilifuta ujumbe. Nikatuma ngumi na bendera, nikaandika "poleni, nilichanganya." Nikalala. Na niliskia raha, ndio kitu kinanisumbua hadi leo, ile raha ya joto ya kurudi kwenye mstari na wenzako. Hakukuwa na Mfadhili Mkuu pale, wala Walinzi, wala nyumba ya kioo. Ile picha ilisambaa, na kesho yake watu wa serikali wakaitumia kusema hata zile picha nyingine, za ukweli, za watu waliokufa kweli, ni za uongo.

Nilisoma Sisi miezi michache baada ya hapo, na nikafika kwenye sura za mwisho nikaweka simu chini.

Kwa sababu Dola Moja inavumbua dawa. Wanasayansi wamepata mahali kwenye ubongo panapoota ndoto, na wanaweza kupachoma kwa miali. Operesheni ni fupi, na ukitoka huna maswali tena. D-503 anafanyiwa. Kisha anakwenda mwenyewe kwa Mfadhili Mkuu na kutaja kila kitu anachokijua, na baadaye anakaa meza moja na wakubwa akitazama I-330 akiteswa chini ya kengele ya kioo. Anaandika kwamba anaonekana mrembo. Hamjui tena ni nani. I-330 hasemi neno, na kesho atauawa. Na D-503 ana uhakika kwamba upande wake utashinda. Kichwani ametulia. Ile namba iliyomliza utotoni hatimaye imetoka.

Huko Urusi kitabu hakikuchapishwa hadi 1988, miaka 51 baada ya mwandishi kuzikwa.

Lakini kuna mtu mwingine ndani ya kitabu ambaye hakuna anayemtaja. Anaitwa O-90. Ni mfupi kuliko kipimo cha Dola, kwa hivyo haruhusiwi kuzaa. Hana siasa, hajui kama kuna chama cha siri, hajawahi kutoa hotuba. Anataka tu mtoto. Anapata mimba akijua adhabu ni kifo, na kabla ya D-503 kuchomwa ubongo, I-330 anasaidia kumtoa nje ya Ukuta wa Kijani, tumbo likiwa limeanza kuonekana. Hatuambiwi alifika wapi. Dola nzima, na aliyetoroka ni huyo mmoja. Sijaona hata fulana moja yenye uso wake.